Dali ya juu inavuja: kuziba ao kutoa yote? Kisa cha jengo moja la biashara hapa Goma

Majina nimetoa, avenue nimetoa, na franga sitaandika kwa dola, nitalinganisha tu devi na devi (ile karatasi ya bei yenye fundi anaandika mbele ya kazi), ju Goma ni kidogo na mutu akisoma bei na ukubwa wa nyumba pamoja atajua mara moja ni kwa nani. Vipimo vimezungushwa kidogo. Upande wa ufundi, kila kitu kimebakia vile kilikuwa.

JENGO LENYEWE

Ni jengo la chini na etaje mbili, katikati ya muji, kwenye kiwanja chenye lava ya Nyiragongo ilifunika tarehe 17 Januari 2002. Lilijengwa miaka ya kisha, juu ya makoro yenyewe, yale mawe ya lava, kuta za bloki simenti, nguzo na dali za beto, zile sakafu zenye zinafunika kila etaje. Chini kuna maduka, katikati biro, etaje ya mwisho kulikuwa biro mbili na depo moja ya dawa. Paa ni dali tambarare ya karibu metre kare 400, na hizo 400 si kitu kimoja: kuna sehemu ya zamani ya 260 hivi, tuiite A, na sehemu ya 140 yenye waliongeza baadaye wakati biashara ilikuwa inatembea, tuiite B. A na B zinagusana kwenye mustari moja unaokata dali kutoka ukuta mupaka ukuta. Plani haikuwepo. Fundi mukubwa mwenye alisimamia kazi alishahama zamani.

Kwenye A, juu ya beto walimwanga puzolani, ile changarawe nyepesi ya volkano, wakaichanganya na simenti kidogo ili kupata mutelemuko wa maji, unene wa sentimetre 12 hivi kwa wastani, kisha wakachoma rulo moja ya bitumi (tandiko la lami lenye linagandishwa na moto) juu yake bila kitu cha kuikinga na jua. Kwenye B walimwanga shape, tabaka la simenti ya kawaida, na rulo nzito zaidi, ile yenye iko na changarawe ndogo ndogo usoni. Hakuna mutu alikuwa anajua hii tofauti mupaka siku ya kufungua, ju ukisimama juu na kuangalia kwa macho unaona dali moja nyeusi yenye viraka.

Na kama nyumba nyingi za hapa, kwa kila nguzo waliacha ferabeto, zile chuma za ndani ya beto, zimesimama, za kusubiri etaje ya tatu. Mafungu 14, yamekula kutu, mengine yamekunjwa na watoto wa mulinzi wanaanikia nguo.

MIAKA MIWILI YA KUPAKA GUDRO

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena, na siku zenye zilifuata ardhi ilitetemeka muchana na usiku mupaka tarehe 27 serikali ikaomba sehemu ya muji ihame, watu wakakimbilia Sake, Minova, Rutshuru, wengine Gisenyi. Familia ya mwenye jengo iliporudi ilikuta mupasuko kwenye ule mustari wa A na B, na mingine midogo kwenye akroteri, kale kakuta kanazunguka dali. Wakaziba na simenti. Kwa wakati ule naona walifanya sawa, hakuna mutu alikuwa na kichwa cha etansheite, mambo ya kuzuia maji isipite, mwezi wa sita 2021.

September mvua ikarudi na maji ikaanza kudondoka kwenye plafo ya depo ya dawa. Fundi wa kartie akapanda, akaangalia wapi tashi iko, ile alama ya maji kwenye plafo, akahesabu hatua kutoka ukutani, akapaka gudro, lami nyeusi ya ndoo, pale juu ya tashi. Ikakauka wiki kadhaa. Kisha ikatokea metre mbili pembeni. Akapanda tena. Hivyo hivyo musimu moja, musimu mbili, na kila mara ndoo moja ya gudro na siku moja ya kazi, kitu kidogo chenye hakiumizi mutu akikilipa mara moja, lakini hakuna mutu alikuwa anajumlisha.

Mwanzo wa 2023 Mama wa depo akachoka. Alikuwa ameshatupa makatoni ya seromu na dawa za watoto zenye zililoa. Akaja kwa mwenye nyumba, akamwambia kwa heshima yote: “Papa, mimi nakuona kama baba yangu, lakini kodi ya huu mwezi sitaleta, nitakuletea fakitire ya dawa zenye ziliharibika.” Na akasema kitu kingine chenye mwenye nyumba hakukipa uzito, akisema ni malalamiko tu ya lokateri: kwamba mvua ikikatika leo, plafo yake inaendelea kudondoka kesho na kesho kutwa.

Kwa mutu wa dali, hiyo sentensi moja inafaa kuliko picha mia. Kama maji inapitia kwenye tobo tu, mvua ikikatika, kisha masaa machache kudondoka kunakatika. Ikiendelea siku mbili, maana yake kuna maji imelala mahali fulani ndani ya matabaka, inatoka pole pole.

DEVI TATU MEZANI

Papa mwenye nyumba akaomba bei kwa watu watatu. Wa kwanza, yule yule wa gudro: kupitisha vipande vya rulo kwenye nyufa zote na kupaka gudro dali nzima. Wa pili, kampuni moja ya ujenzi: kungoa kila kitu kwenye metre kare 400 mupaka kwenye beto na kuanza upya. Wa tatu, fundi seremala: acha dali vile iko, simamisha mbao juu yake na ufunike na mabati.

Tukichukua bei ya kungoa yote kuwa 100, mabati ilikuwa karibu 60 na gudro karibu 15. Unaona mutego uko wapi. Mutu mwenye hajui dali yake iko katika hali gani atachagua 15, na akiwa na hasira atachagua 100. Hakuna hata moja kati ya hao watatu alifungua dali kabla ya kuandika devi. Wawili walipima kwa hatua, mmoja alipima kwa picha ya WhatsApp.

Ni pale mutoto mukubwa wa familia aliomba injenieri wa kujitegemea aangalie kwanza, bila kuuza kitu.

KUFUNGUA ILI KUONA

Kwa macho: vidimbwi vyenye vilikuwa bado vinakaa siku tatu kisha mvua. Kawaida maji ikisimama juu ya dali zaidi ya masaa 48, mutelemuko ni mubaya ao mudomo wa maji umefungwa, na hapa ilikuwa yote mawili, A yote ilikuwa na mudomo moja tu na ulikuwa umejaa mavumbi meusi ya volkano na majani. Vidimbwi si kitu cha kudharau, sentimetre moja ya maji kwa metre kare moja ni kilo 10, sentimetre tano ni kilo 50. Matanki matatu ya maji ya lokateri yalikuwa yamewekwa moja kwa moja juu ya rulo. Antene za intaneti zilikuwa zimefungwa na bulo ndani ya dali.

Kisha sondaje: kukata kadirisha ka sentimetre 30 kwa 30, kuinua rulo, kuchimba mupaka kwenye beto, kuandika unachoona, na kufunga vizuri siku ile ile. Tano kwenye A, tatu kwenye B, nyingine pale inavuja na nyingine kwa makusudi pale haivuji, ju ukikata tu mahali pabaya utaambiwa dali yote ni mbaya.

Ya tatu kwenye A ilikuwa metre saba mbali na tashi ya depo. Kijana alikata rulo, ikainuka bila nguvu kama ngozi ya maziwa, chini yake puzolani ilikuwa nyeusi inangaa. Akaisukuma na muiko, maji ikapanda pembeni ya muiko. Alipofika kwenye beto na kungoja dakika kadhaa, chini ya shimo maji ilikuwa imejaa urefu wa kidole. Siku nne mvua haikuwa imenyesha. Nne kati ya zile tano zilikuwa hivyo. Kwenye B zote tatu zilitoka kavu, mavumbi meupe.

Piga hesabu. Puzolani ya sentimetre 12, tuseme robo yake ni nafasi zenye maji inaweza kujaza, ni sentimetre tatu za maji, kilo 30 kwa kila metre kare. Kama metre kare 200 ziko hivyo, ni tani sita za maji zimelala juu ya vichwa vya watu, siku ya jua. Gudro ya juu haikuwa inazuia maji kuingia tu, ilikuwa inazuia pia maji kutoka.

Kwa B, ili kuhakikisha, walibandika nailoni safi ya sentimetre 45 kwa 45 juu ya beto kwenye shimo lililopanuliwa, wakafunga pembe zote na skochi, wakaacha zaidi ya masaa 16. Hakuna tone chini yake. Kipimo cha bei ya nailoni, na sijui ju ya nini hakifanywi kila mahali.

Maji ilikuwa inaingilia wapi? Walichukua tiyo ya maji na kulowesha mahali pamoja pamoja, kuanzia chini kwenda juu, nusu saa kila mahali, mutu mmoja amekaa ndani ya depo na simu. Kwenye rulo yenye nyufa: kidogo. Kwenye mustari wa A na B: nyingi. Na kwenye fungu la ferabeto karibu na depo: haikuisha nusu saa, nguzo ya ndani ikaanza kutoka jasho. Maji ilikuwa inafuata chuma, inapita pembeni ya ferabeto ndani ya beto, chini ya rulo kabisa. Pale unaweza kupaka gudro miaka kumi.

Kitu cha mwisho, waliweka alama za plasta juu ya mupasuko wa ule mustari, na tarehe imeandikwa juu ya kila moja. Plasta haivutiki, ukuta ukisogea kidogo inakatika. Haikupita muda murefu, mbili zilikuwa zimekatika. Mupasuko ulikuwa bado unatembea. Simenti ya 2021 haikuwa na bahati hata siku moja.

KIKAO CHA FAMILIA

Kikao kilifanywa sebuleni, Papa, Mama, watoto wakubwa, na mudogo wa Papa mwenye anakaa Ubelgiji kwenye simu. Watu walifikiri watazungumza juu ya rulo. Walizungumza juu ya ferabeto.

Yule wa Ubelgiji alisema etaje ya tatu itajengwa, alishatuma franga kwa hiyo kazi zamani, kwa hiyo hakuna maana ya kulipa dali mupya yenye itavunjwa. Papa akasema ferabeto nikizikata watu wa kartie watasema nimefilisika. Injenieri akajibu pole pole: “Muzee, kwanza hatuna plani, hatujui nguzo na fondasyo zilihesabiwa kubeba nini. Pili, ferabeto zenye kutu kama hizi hata ukijenga kesho utalazimika kuzikata na kutia zingine. Hazikungojei tena, zinakuletea maji tu.”

Mama njo aliuliza ulizo lenye lilimaliza kikao: hiyo etaje, ni mwaka gani? Kimya kwenye simu. Ikakubaliwa kwamba si kabla ya miaka kumi.

Hapo njo uamuzi wa kutengeneza ao kubadilisha ulipata maana. Rulo mbili za bitumi ya SBS, ile yenye imetiwa kitu cha kuvutika kama mpira, zikichomwa vizuri na kukingwa na jua zinaweza kufanya miaka 15 mupaka 25. Kama ungejenga mwaka kesho, kungoa yote ni kutupa franga, unaziba tu na unavumilia. Kwa miaka kumi, kuziba njo kutupa franga.

MAAMUZI NA SABABU ZAKE

A: kungoa kila kitu mupaka kwenye beto, kukata ferabeto zote, mutelemuko mupya, rulo mbili.

B: kuacha. Kubadilisha tu ile etansheite yenye inapanda kwenye akroteri, kusafisha mudomo wa maji, na ferabeto zake kuzungushiwa kasoko ka beto, kakuta kafupi, ka sentimetre 20 juu na rulo ipande kwenye kasoko. Hii ya kasoko ilikuwa kumuridhisha mudogo wa Ubelgiji, kusema kweli, kiufundi kukata ilikuwa bora.

Mustari wa A na B: kuacha kuuchukua kama mupasuko, kuufanya kiungo chenye kinaruhusiwa kutembea. Vikuta viwili vidogo, moja kila upande, kila moja na rulo yake, na kifuniko cha alumini kimefungwa upande moja tu ili upande mwingine usogee.

Mabati yalikataliwa, na wasomaji wengine watasema kwa nini, ju Goma imejaa dali zenye zilifunikwa na mabati na zinakaa kavu. Kwa jengo la chini lenye beto kavu mimi ningeyakubali bila kusita. Hapa yangefungia zile tani sita ndani ya A juu ya ferabeto za dali, zingeendelea kula chuma kimya kimya. Mbao zingefungwa kwenye akroteri yenye imepasuka, kwenye etaje ya juu yenye upepo wa ziwa unapiga. Na hewa ya volkano hapa, ile ya kiberiti, inafanya mvua yenye inakula bati mapema, kila mutu wa Goma anajua bati lake lilifanya miaka mingapi. Kuongeza rulo ingine juu ya zile za A nako kulikataliwa kwa sababu ile ile ya maji. Kwa habari tu, Marekani sheria za ujenzi zinakataza kufunika paa lenye limeloa, na lenye lishakuwa na matabaka mawili pia.

Bei ya hii mipango: 73 kwa 100.

Ilikuwa mwezi wa tatu, na dali hauifungui katikati ya mvua. Kiangazi chetu ni kifupi, mwezi wa sita mupaka wa nane. Kwa hiyo walitoboa tobo dogo kwenye dali ndani ya depo, mahali pa chini kabisa, wakiepuka ferabeto, wakatia katiyo kenye kanapeleka maji kwenye pipa, na juu ya mustari wakatandika bashi na magunia ya muchanga. Maji iliendelea kutoka, lakini ilitoka pale inaombwa itoke. Mvua ya mwezi wa tano 2023, mwezi wenye mafuriko iliua watu wengi Kalehe, ilipita hivyo bila katoni hata moja kuloa.

Franga: lokateri wawili wa maduka walikubali kulipa kodi ya miezi sita mbele, kwa karatasi yenye sahihi, na Papa akaacha kupandisha kodi mwaka ule. Mama wa depo alikataa, na naona alikuwa na haki.

KAZI

Kungoa A kulitoa zaidi ya metre kibu 30 za puzolani. Siku ya kwanza wafanyakazi walirundika magunia kwenye kona moja katikati ya nguzo nne, magunia mazito ya kuloa, na ilibidi injenieri apige kelele wayatawanye karibu na nguzo na kuyashusha kila saa. Watu huwa wanaogopa mvua juu ya dali, lakini siku ya kungoa njo dali inabeba mambo ya ajabu. Kartie ilibeba puzolani yote na chukudu, zile trotineti za mbao, kujazia mashimo ya barabara.

Beto ilipoonekana, karibu na depo kulikuwa eneo la metre kare nne hivi yenye ferabeto zimevimba. Kutu inakamata nafasi kubwa kuliko chuma yenyewe, kwa hiyo inasukuma beto na kuivunja toka ndani. Kupiga nyundo, kutoa yenye imeoza, kusugua chuma, kuongeza ferabeto pembeni, kumwanga tena. Hakuna mutu aliweka hiyo kwenye devi.

Mutelemuko: asilimia mbili, sentimetre mbili kwa kila metre. Na mudomo moja wa zamani, maji ingetembea metre nane, ni sentimetre 16 za shape upande wa mbali. Wakaongeza mudomo wa pili, safari ikawa metre tano, shape ikashuka mupaka sentimetre 10. Tiyo moja ya ziada ilipunguza tani za uzito. Na kwenye akroteri wakatoboa njia ya dharura, siku midomo yote miwili ikijaa mavumbi maji imwangikie njiani na watu waone.

Rulo zilitoka ngambo, zikapita kwenye bariere kubwa, mupaka wa Rwanda. Rulo ni metre moja kwa kumi, ukitoa sentimetre 10 za kupandana pembeni na 15 mwishoni unabakia na chini ya metre kare tisa, kwa hiyo A ilikunywa rulo 35 hivi kwa kila tabaka pamoja na kuta. Rulo ya pili ilikuwa na changarawe usoni, na kwenye kuta ilipanda sentimetre 15 na zaidi.

Mugogoro mukubwa ulikuwa kungoja. Shape mupya ilionekana kavu, fundi wa shalimo, ile tochi ya gazi ya kuchomea rulo, alitaka kuchoma. Nailoni ya usiku ilikuwa na matone asubuhi. Wakangoja, nailoni ingine, matone machache, wakangoja tena, fundi akinunguna kwamba analipwa kwa rulo si kwa siku. Kwenye kona moja alichoma jioni bila kuuliza, na kona hiyo njo ilipanda malengelenge: maji iliyobakia chini ilipata moto wa shalimo na jua, ikageuka mvuke, haikuwa na njia. Yakapasuliwa na kuzibwa.

Mwisho walifunga midomo ya maji, wakajaza sentimetre tatu juu ya A na kuacha masaa 24. Mudomo mupya ulivuja kwenye shingo, wakautengeneza wakarudilia. Kavu.

MATOKEO

Bei ya mwisho ilifika 84, ju ya zile ferabeto zenye kuoza. September 2023 mvua ikarudi na A ilikaa kavu musimu wote, kiungo cha alumini kinatembea na hakivuji.

Mama wa depo alihama mwezi wa kumi. Alishapata mahali pengine wakati wa kazi, na hakuna mutu alimwambia tarehe ya mwisho, alikuwa anasikia tu nyundo juu ya kichwa. Chumba kilikaa bila mutu miezi kadhaa, kisha kikapangishwa kwa bei ya chini.

Na mwezi wa kumi na mbili B ikavuja, mahali penye hapakuwa panavuja hata siku moja. Tekinisie wa intaneti alikuwa amepanda kuhamisha antene yake, akatoboa rulo tobo nne, akakaza bulo na kuteremuka. Mulinzi alimufungulia mulango ju alimujua.

UCHAMBUZI

Kuna kanuni yenye mafundi wa dali wanatumiaka sana, kwamba ikiwa zaidi ya robo ya dali imeloa ndani, ungoe yote. Hapa metre kare 200 kwa 400 ilikuwa nusu, kwa hiyo kanuni inasema 100, kampuni ilikuwa na haki. Lakini ile nusu haikuwa imesambaa, ilikuwa yote upande moja wa mustari, juu ya puzolani, na upande mwingine ulikuwa sifuri. Wastani wa dali mbili zenye zimejengwa tofauti haukuambii kitu. Sondaje nane zilipunguza bei kutoka 100 mupaka 73 na zilizuia pia kosa la 15, na zenyewe ziligharimu chini ya ndoo mbili tatu za gudro.

Yule fundi wa gudro watu walimutupia lawama zote. Sikubaliani. Alitafuta tobo pale tashi iko, kwa sababu njo alilipwa kufanya, hakuna mutu alimulipa kutafuta. Kwenye B, viraka kama vyake, na rulo nzuri, njo jibu lenye tulichagua. Kiraka ni kibaya tu juu ya kitu chenye kimeshajaa maji.

Habari ya maana kuliko zote ilitoka kwa lokateri na ilikaa wiki nyingi bila mutu kuisikia, ju ilikuja pamoja na deni la kodi. Na mutu huyo huyo mwenye alitoa jibu njo alipotea. Kama angepewa tarehe, na kodi nusu wakati wa nyundo, nafikiri angebakia, na ile miezi ya chumba bure ingelipa sehemu kubwa ya ferabeto.

Devi ya 73 ilikosa akiba. Ukingoa dali yenye ilikaa na maji miaka miwili, utakuta chuma kimeoza, swali ni ngapi tu, kwa hiyo asilimia 10 ao 15 ya akiba iandikwe siku ya kwanza. Papa alilazimika kuomba franga kwa mudogo wa Ubelgiji katikati ya kazi, na yule akarudilia habari ya etaje ya tatu, na siku kadhaa za kiangazi zikaenda hivyo, kiangazi chenye hakirudi.

Kuhusu mulango wa juu: sasa ufunguo uko kwa mutoto mukubwa, mutu akipanda anaandika jina na kazi kwenye daftari, na antene zote zimehamishwa kwenye chuma chenye kimesimama juu ya vibloki vizito, bila bulo kwenye dali. Ingefaa kufanywa pamoja na rulo, bei yake ilikuwa kidogo sana, lakini kwenye devi zote hakuna mutu aliandika “antene”.

Kiangazi cha 2024 walifungua tena mashimo matatu ya B na kuongeza mawili karibu na mahali pa zile bulo. Yale matatu yalitoka kavu. Mawili yalikuwa na maji, eneo la metre kare sita hivi. Walikata hizo sita, wakatoa shape, wakakausha, wakachoma rulo mupya, siku nne kazi ikaisha. Ferabeto za B bado zimesimama ndani ya visoko vyao.